Maneno Yangu Katikati ya Maandiko

Makebuko, Gitega

Mdogo wangu mpendwa Leokadia,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako hapo Kasulu. Goti lako linakusumbua bado, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na shemeji, kifua chake kinaendeleaje na vumbi la majira haya? Sisi huku tu wazima. Mvua ilichelewa, kisha ikaja kwa hasira, lakini maharage tumeyaokoa karibu yote. Wifi yako anasema viazi vya mwaka huu ni vitamu kuliko vya Kasulu. Mimi nimemwambia aache uchokozi.

Watu wa hapa hunicheka ninaposema nina barua ya kupeleka nyumbani. Huniuliza, "Mwalimu, nyumbani si hapa ulipozaliwa?" Ni kweli, shamba hili ni la baba. Lakini miaka niliyoishi huko kwenu ni mingi kuliko ya hapa, na moyo una hesabu zake.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kwa wema wako. Ungesema, "Achana na hayo, kaka," nami ningeachana nayo kwa furaha. Kwa hiyo nakuomba uisome mwenyewe, ukiwa peke yako, usimpe mwanao Eliya akusomee. Kama una chungu jikoni, kiepue kwanza.

Majuma sita yaliyopita nilipigiwa simu na mchungaji kijana wa kanisa moja dogo la Giteranyi, kule Muyinga. Ni kanisa la wenzetu tuliokaa nao katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Wengi wao waliporudi walikwenda upande ule, maana ndiko mashamba ya wazazi wao yaliko. Unalikumbuka daftari langu la mazishi? Lile nililoandika kwa mkono, nikitoa masomo ya kaburini kwenye Kiswahili na kuyaweka kwa Kirundi, kwa sababu kambini tulikuwa na Biblia moja tu ya Kirundi, na mchwa walikuwa wamekula nusu ya mwanzo yote. Basi mchungaji aliniambia, "Mwalimu, watu bado wanalinakili kwa mkono. Tunataka kulichapa. Njoo ulikague na utie sahihi yako."

Leokadia, nilifurahi kama mtoto. Nilipiga pasi shati siku mbili kabla ya safari.

Nilipanda gari hadi mjini Gitega, kisha jingine hadi Muyinga, kisha jingine, na kipande cha mwisho nikabebwa kwa baiskeli. Mwenye baiskeli aliniambia, "Mzee, mi nakupandisha hiki kilima kwa heshima ya mvi zako. Ingekuwa kwa uzito, ningekataa." Nilishuka, tukasukuma pamoja, nikamsimulia habari za daftari njia nzima. Unanijua.

Walinipokea kwa nyimbo. Aliyenikumbatia wa kwanza ni Konsolata, yule mama mrefu aliyekuwa na kibanda cha tatu kutoka kwetu kambini. Sasa ndiye mkuu wa akina mama wa kanisa lile. Alileta daftari likiwa limeviringishwa ndani ya kitenge, akalifungua kwa mikono miwili kama mtu anayemfunua mtoto mchanga. Nikaona mwandiko wangu wa ujanani, ule wa kujivuna, wenye herufi zenye mikia.

Mchungaji akasema nimefika wakati mzuri, kwa sababu kuna shauri, na daftari hilo ndilo litakaloamua.

Shauri lilikuwa la binti mmoja, Jenerosa, aliyeolewa hapo miaka mitatu iliyopita. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa homa. Konsolata ndiye aliyenieleza.

"Siku ya mazishi tulimwosha, tukampaka mafuta, tukamlisha, kama ilivyoandikwa. Akatulia. Kesho yake akaanza! Amelia njiani. Amelia kisimani. Majuma matatu, Mwalimu, na bado analia. Tumemwonya mara mbili. Sasa tumemtoa kwenye Meza ya Bwana, na hatuchoti maji naye mpaka atubu."

Nikauliza, "Atubu nini?"

Akanitazama kama mtu anayedhani anataniwa. "We ndiye uliyetufundisha."

Alikuwapo pia mfanyabiashara mmoja Mkongo wa Uvira, anaitwa Baba Furaha, anauza sabuni na ndagala, yaani dagaa, sokoni na kusali pamoja nao. Akasema, "Mi nilitafuta hilo neno mu Biblia yangu ya Kiswahili. Siku mbili nilitafuta. Haiko."

Konsolata akamjibu, "Yako ni ya Kiswahili cha Uvira. Hili lilitoka kwenye Kiswahili cha Tanzania."

"Mama, kumbe Mungu akifika ku mpaka anabadilisha maneno?"

"Mungu habadilishi kitu. Nyinyi wa ndagala ndio mnaobadilisha mizani."

Watu walicheka sana, na mimi nikacheka. Mchungaji akasema kwa upole kwamba hata yeye amelitafuta kwenye Kirundi cha kuchapwa na hakuliona. Bibi mmoja akasema hilo si ajabu, waliochapa walipunguza maneno ili karatasi itoshe. Hapo nilikuwa bado nacheka. Kisha Konsolata akaniwekea ukurasa mbele ya miwani, na kidole chake juu ya mstari.

Ni ile habari ya mfalme Daudi na mtoto wake mgonjwa. Unaijua: mtoto alipougua, mfalme alilala chini, akafunga, akalia. Mtoto alipokufa, akainuka, akaoga, akajipaka mafuta, akala. Watumishi wakashangaa, naye akawaeleza kwamba alilia mtoto akiwa hai kwa kuwa huenda Mungu angemhurumia, lakini sasa hawezi kumrudisha. Maelezo yake yanaishia hapo. Lakini katika daftari langu, bila nukta ya kuyatenga, bila mabano, kwa wino uleule, yanaendelea: "Basi kila mama ajue kwamba machozi yanayomwagika baada ya kaburi kufunikwa ni matusi mbele za Mungu."

Hayo hayamo, Leokadia. Hayamo katika Kiswahili cha Uvira, wala cha Tanzania, wala katika Kirundi. Ni yangu.

Niruhusu nieleze kidogo, maana jambo hili nimelifikiria mpaka kichwa kinauma. Watu hudhani kosa la tafsiri ni kuweka neno moja mahali pa jingine. Hilo ni kosa dogo. Atakuja mwingine anayejua lugha zote mbili na kulirekebisha. Kosa kubwa hutokea pale Maandiko yanaponyamaza mahali ambapo mkalimani angependa yaseme. Kambini mhubiri alisoma Kiswahili, nami nikasimama kando yake nikitoa Kirundi. Alipolia, nililia. Aliposema "mimi", nilisema "mimi". Wale wazee waliokaa kwenye magogo hawakuwa na njia ya kujua wapi Kitabu kimeishia na wapi mimi Silvesta nimeanza. Na mimi nilipenda mno kuelezea. Mhubiri akisema sentensi moja, mimi nilitoa mbili, na watu wakanisifu kwamba kwangu Neno linaeleweka.

Neno likishaingia hivyo, watu hulijengea nyumba. Akina mama wa Giteranyi wana utaratibu kamili sasa: mafuta gani yapakwe, nani amshike mama mkono wa kulia, wimbo gani uimbwe kwa sauti kubwa ili asisikie udongo ukianguka juu ya sanduku. Wanafanya kwa upendo, nimewaona. Wanamshika mwenzao asimkosee Mungu. Wala hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini Mungu atukanwe na machozi, kwa kuwa mtu hamuulizi Mungu sababu. Angekuwa mwanadamu amesema, wangemuuliza siku ileile.

Sasa nifike kwako, maana nimezunguka vya kutosha.

Unaijua Jumapili ile. Mwanao Zawadi alikuwa na miezi kumi na mmoja. Tulimzika siku ya Alhamisi, na wewe ukalia, ukaendelea kulia majuma mawili, ukiwa kwenye foleni ya unga, ukiwa unaosha sufuria, ukiwa umekaa tu. Kulia kwako kulikuwa na sauti, na kibanda chetu kilikuwa cha turubai. Wazee wa kanisa wakaniita pembeni. Hawakunikemea. Waliniuliza tu kama nyumba ya mkalimani wa Neno haina imani. Leokadia, niliona aibu juu yako. Leo ndiyo naandika jambo hilo kwa mara ya kwanza: niliona aibu kwa sababu mdogo wangu alikuwa anamlilia mtoto wake.

Jumapili mhubiri akasoma habari ya mfalme. Mimi sikupanga. Lakini alipofika mwisho nilikuona umekaa mstari wa tatu, macho mekundu, na sentensi ile ikatoka mdomoni mwangu ikiwa imekamilika, kwa sauti ya Maandiko. Niliielekeza kwako. Nilikuona ukifuta uso kwa ncha ya kitenge, ukanyoosha mgongo. Hukulia tena. Nilipofika kibandani nilimwambia mke wangu, "Neno limemsaidia." Mwezi ule ule nikaliandika daftarini, kwa kuwa lilikuwa limefanya kazi.

Na tangu siku ile sijakusikia ukilia, hata tulipomzika mama.

Kuna jambo jingine, na ndilo baya zaidi. Habari ile haiishii pale nilipoikata. Baada ya mfalme kuoga na kula, imeandikwa kwamba alikwenda kumfariji mke wake, mama wa mtoto. Ni maneno machache tu, yamo katika kila lugha. Hayakuwamo katika somo la Jumapili ile, lakini nilipoandika daftari yalikuwa mbele ya macho yangu, na sikuyaandika. Nilijiambia nafasi imekwisha. Nafasi ilikuwapo, Leokadia. Chini ya ukurasa ule kuna mistari mitano mitupu, nimeihesabu. Sikuyaandika kwa sababu mimi sikuja kukufariji.

Turudi Giteranyi. Siku ile ya kwanza sikusema kitu. Nilisema macho yamechoka na safari, shauri lingoje Jumamosi. Siku mbili nikala kuku wao na kusifiwa. Nilitafuta njia ya kumwokoa binti yule bila kujitaja. Nilifikiri niseme mstari una maana ya ndani, kwamba unahusu machozi ya aina fulani. Ningeweza kuelezea, na wangekubali. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba ningeweza.

Jumamosi kanisa lilijaa. Jenerosa alikaa mbele kwenye kigoda, peke yake. Ni binti mdogo, pengine miaka ishirini na miwili, na matiti yake yalikuwa bado yanatoa maziwa, kwa maana kitambaa kililowa mbele. Mchungaji akamuuliza kama ana neno. Hakumtazama mchungaji. Alinitazama mimi.

"Mwalimu, mi sikatai kilichoandikwa. Najaribu kuacha, inashindikana. Nilitaka unisomee polepole. Labda kuna mahali panasema ni mpaka lini."

Nilikuwa na Biblia yangu ya Kiswahili mkobani. Nikalifunga daftari, nikafungua Kitabu, nikasoma sentensi moja moja na kuitoa kwa Kirundi, moja kwa moja, bila kuongeza, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilipofika mwisho wa maelezo ya mfalme nikanyamaza.

"Endelea," Konsolata akasema.

"Maneno yake yameishia hapo."

"Umeruka, Mwalimu."

"Sikuruka, Mama. Mstari ule haumo. Niliuongeza mimi, kambini. Mungu hakuusema."

Nikasoma sehemu niliyoiacha, kwamba mfalme alikwenda kumfariji mama wa mtoto. Jenerosa akafikiri, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo huyo mama alikuwa analia."

"Mtu hafarijiwi kama halii," nilimjibu.

"Na Mungu hakumkasirikia?"

"Haikuandikwa kwamba alimkasirikia."

Akainuka kwenye kigoda. Hakushukuru. Alisema tu, "Hamkutuambia kama alikuja kumfariji," akatoka, na kabla hajafika kwenye miti tukamsikia. Sijawahi kusikia kilio kama kile tangu kambini. Wanawake wawili vijana wakatazamana, wakatoka kumfuata. Hakuna aliyewazuia.

Mimi nilidhani jambo gumu limekwisha. Konsolata akasimama. Hakuniita Mwalimu.

"Silvesta. Nilizika watoto watatu."

"Najua, Mama."

"Hujui. Nilijipaka mafuta mara tatu. Nilikula ugali wakinitazama, nikameza. Nilisema, ni Mungu amenikataza, nami namtii, na siku moja ataniona. Leo unaniambia ni wewe?"

"Ni mimi."

"Machozi yangu umeyapeleka wapi?"

Alichukua daftari mezani, akalibana kifuani kwa mikono yote miwili. "Chukua uongo wako wa leo uende nao Makebuko. Utuachie ukweli wako wa zamani."

Bibi yule wa karatasi akaongeza, bila ubaya, kwamba aliyeandika daftari alikuwa kijana mwenye Roho, na huyu aliyekuja ni mzee aliyechoka na safari. Wengi wa wazee waliitikia kwa kukubali, "Ego, ego." Kumbe nilikuwa nimeaminiwa nilipodanganya, na niliposema kweli nikahurumiwa.

Mchungaji alifuta shauri, na Jenerosa atarudi kwenye Meza ya Bwana. Kitabu cha mazishi kitachapwa kutoka nakala nyingine, bila ukurasa ule; niliandika karatasi ya kukiri, nikaitia sahihi, ikabandikwa ndani ya mlango wa kanisa. Lakini daftari liko nyumbani kwa Konsolata, na aliapa litanakiliwa kama siku zote. Simlaumu. Akikubali kwamba haikuandikwa, itabidi awazike wale watatu upya.

Wala si Giteranyi peke yake. Wiki iliyopita nilitembea hadi Itaba kumwona mwalimu wa dini wa huko, nikamkuta na nakala ya nakala. Mwandiko si wangu, karatasi si yangu, na sentensi yangu imo, nzima. Amenipa ruhusa ya kusema Jumapili ijayo. Nitakwenda kila mahali nitakaposikia limefika, lakini mguu wangu ni wa mzee, na sentensi ile ilianza safari zamani.

Nimetubu mbele ya watu wa Giteranyi kabla ya kutubu mbele yako, na hilo nalo ni kosa. Ilikuwa rahisi kwa wageni. Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua haioni uso wa mtu. Nataka ujue tu. Fungua Kitabu mwenyewe, usitegemee neno langu. Uliamini miaka yote hii kwamba Mungu alikutazama mstari wa tatu akakuambia unyamaze. Hakuwa yeye. Alikuwa kaka yako, aliyeogopa watasema nini wazee wa kanisa. Na Zawadi alikuwa mtoto mzuri. Alikuwa na kawaida ya kunishika ndevu na kucheka kabla sijafanya chochote cha kuchekesha. Sijamtaja kwa mtu yeyote tangu tulipomzika, na najua wewe pia hukupata wa kumsimulia.

Mfikishie salamu mumeo, shemeji yangu Yohana, umwambie anywe ile asali niliyomtumia, asiiuze. Msalimie Eliya, mwanao, ambaye najua amekuwa mrefu kunipita. Msalimie wifi yako Magdalena, dada yake Yohana, na Mama Tereza, jirani aliyetupa mbegu mwaka tuliotoka kambini. Mke wangu anakukumbatia. Nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga, akaniambia niipeleke haraka, nisirekebishe hata neno moja.

Nitakuja kabla ya kupanda mahindi. Sijui utanipokeaje. Ukitaka kulia, lia hata juma zima, na hata kama majirani watasikia. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, nitalala kwa Mama Tereza na kesho yake nitarudi tena. Nitakaa hapo mlangoni kwako, na safari hii sitaeleza kitu.

Ni mimi kaka yako,
Silvesta